Springi Aliyoipachika Ezra

Wifi Elieth, pokea simu!!

Huyu kaka yako aliyenioa ataniua kwa presha. Unamjua Ezra, akiona kitu kibovu mikono inamwasha. Asubuhi hii kaja mtu tusiyemjua, kakaa kwenye meza yake ya kutengenezea cherehani, kafungua kitenge, ndani BASTOLA. Bastola, wifi! Eti, "Fundi, kuna springi ndogo imepotea."

Badala ya kukataa, Ezra kaanza kuchakura kopo lake la spea za cherehani. Kapata inayokaribiana, kaikata, kaipachika. Tena anafurahi! "Imekaa kama imezaliwa humo."

Yule mtu kajaribu, ikalia ka! Kacheka. Kauliza, "Fundi mzuri hivi, wewe ni wa ukoo gani?" Ezra kautaja kwa majivuno yenu yale.

Mtu kaacha kucheka. Kafunga kitenge taratibu, kasema, "Umenisaidia, kwa hiyo nakuambia. Leo usiende mnadani." Kapanda pikipiki, kashika njia hiyo hiyo ya mnadani.

Usiende mnadani. Mwenyewe anaenda, na bastola, baada ya kusikia ukoo wenu!

Baba yenu ameshatangulia na ng'ombe wawili, simu yake haipatikani. Ezra ametoka mbio, bisibisi bado mkononi. Wewe uko karibu na mnada, kimbia umrudishe Baba.

Wifi, sijamaliza. Baba alipita hapa Ezra akichakura kopo. Yeye na yule mtu wakampa shikamoo. Na Ezra alipotaja ukoo, alinyoosha na kidole: "Yule mzee aliyepita na ng'ombe ndiye baba yangu."