Kano Mpya ya Sudi

Kamina, 14 Februari 1999

Mpendwa mdogo wangu Ismaeli,

Assalamu alaykum. Sisi ni wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima mwaka huu. Mama anakula vizuri na kunung'unika vizuri. Wewe je, baridi ya Liège umeizoea?

Barua yako ililetwa na Bibiche kutoka Lubumbashi. Niliwasomea wote: kwamba huko maabara mnachukua chembe hai za mtu, mnazipandikiza kwenye nyuzi, kisha mnazivuta kila siku mpaka zikaze na kuwa kano mpya ya goti. Mama aliuliza kama chembe hizo husikia maumivu.

Kaka yetu Sudi alishika neno moja tu, kuvuta. Unajua tangu alipoanguka na baiskeli ya chumvi njia ya Luena, kano ikakatika, hajapeleka tena mzigo. Basi akawa anafunga matofali mguuni kila asubuhi na kuuning'iniza kitandani. Nilipomkataza akasema ni wewe uliyemwagiza, "Ismaeli njo aliandika. Mushipa bila kuvuta haiwezi kuwa na nguvu." Goti likavimba kama papai. Usicheke, maneno ni yako.

Baada ya Idi, askari walikuja sokoni kutafuta watu wa kuwabebea risasi kwenda vitani kaskazini. Kila mwanaume alitwishwa gunia, akaambiwa achuchumae na kuinuka. Sudi alianguka. Askari mmoja akasema, "Huyu goti yake iko mubaya, muache." Swedi, kitinda mimba wetu, akaenda kumwinua kaka yake. Alimnyanyua mzimamzima, nao wakaona nguvu zake, wakamchukua. Mpaka leo hatuna habari zake, na moyo unaniuma.

Sudi ameyarudisha matofali uani. Jana alisema tu, "Goti yangu njo ilimupeleka." Mama akamjibu kwamba Mungu si Athumani, akaendelea kupepeta mchele.

Nisalimie wifi Mwadi na watoto. Jirani yetu Nyembo anakusalimu, naye anakuombea kanisani kwake. Mwenyezi Mungu akufunike huko uliko.

Fanya kazi yako bila haraka. Ila siku mtakapoipata hiyo kano, usiandae moja. Andaa na ya Swedi, maana hatujui atarudi na magoti gani.

Akupendaye daima,
dada yako Riziki