Jina Langu Nyuma ya Lako

Mpendwa mdogo wangu Feza,

Hapa Kindu mvua imeanza, mto umejaa, na mimi bado ninakuonea wivu. Nilidhani utaisha ukishafika huko Albertville. Haukuisha.

Unakumbuka Madamu wa misheni alivyotufundisha Kiingereza barazani kwake, tukishamaliza kupiga pasi? Alishika sana sheria moja: ukijitaja pamoja na mwenzako, mtangulize yeye, wewe uje mwisho. Ndiyo adabu. Mimi iliniuma. Nyumbani mimi njo mukubwa, hata maji ya kunawa yalianza kwangu. Kwa Kiingereza nikawa kutwa "Feza na mimi", "Feza na mimi". Nilijifunza hivyo hivyo. Wewe ulisema "mimi na yaya", dada mkubwa nyuma, ukisahihishwa unacheka.

Kisha akaja Musafiri, fundi wa gari la moshi, aliyetoka kazini Rodezia na Kiingereza chake. Madamu akamkaribisha chakula. Sombe ile niliipika mimi, tangu kutwanga majani ya muhogo mpaka chumvi. Wewe ulichota maji tu. Akauliza kwa Kiingereza nani amepika. Nikanyoosha mgongo, nikajibu vizuri, "Feza na mimi." Akakutazama wewe. Nawe ukarukia, "Mimi na yaya!" Madamu akashika kichwa. Musafiri alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

Alipoaga alinifuata mlangoni. "Yaya, baba yenu iko nyumbani?"

"Iko."

Nikampeleka mwenyewe, nikijua amenijia mimi. Wanaume walipokaa kuzungumza, nikaingia chumbani kujifunga kikwembe kipya. Ndipo nikamsikia Baba akiita, "Feza! Kuja hapa!"

Nilikifungua, nikakikunja, nikakuvalisha wewe.

Siku ya safari, stesheni, Musafiri alinishika mkono: "Feza na mimi tunakushukuru." Adabu kamili. Wewe ulilia shingoni mwangu hadi filimbi ikapigwa. Mimi sikulia. Nililia njiani.

Sasa Mama ananiambia u mjamzito. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake, kwa hiyo njoo. Nitakukanda kwa maji ya moto, nitakupikia uji, mtoto nitambeba mimi ulale. Ila njoo peke yako, mdogo wangu. Yeye abaki na magari yake. Bado siwezi kumwona akikutazama.

Safari yako iwe nyepesi. Mlango sitaufunga.

Yaya yako