Washa Nne Chini ya Gari ya Hemedi

Basi nikapandisha jeki kidogo tena, kaka Idi, na tairi ya mbele ya kushoto ikageuka yenyewe. Usukani nilikuwa nimeufunga kwa kamba kwenye kiti, hakuna aliyeugusa. Nikashusha, ikarudi. Nikapandisha, ikafunguka tena kwa mbele, kama mtu anayechungulia barabarani. Nilikaa pale chini nikacheka peke yangu, halafu hasira zikanipanda. Siku nne nahangaika na alaimenti, kunyoosha tairi zitazame mbele, nakaza, nalegeza, napima kwa uzi, kumbe shida haikuwa kwenye alaimenti hata kidogo.

Naandika humu kwenye grupu la mafundi, watu wote wanaona, kwa sababu simu zangu hupokei. Unajua mimi kuandika ni kazi nzito kuliko kushusha injini. Mtakaoona herufi zimekosewa, chekeni tu.

Gari yenyewe ni ile nyekundu ya milango miwili, ya Hemedi muuza asali wa Gongoni. Wewe ndiye uliyeishusha. Alitaka ilale chini kama za kwenye simu, ukakata springi. Ukatia vipande vya chuma chini ya boljointi, kile kifundo cha kuungia tairi, ili mikono ya chini inayobeba tairi irudi kulala sawa, ukapiga picha, watu wakasifu. Kesho yake ukapanda basi la Dar. Kaka, ile kazi ni nusu. Mkono wa chini uliurekebisha, tairodi inayogeuza tairi ukaiacha kulekule juu. Sasa ni kama watu wawili wamebeba mzigo kwenye mti mmoja, mmoja anapanda kilima, mwenzie yuko tambarare. Gari ikikanyaga tuta, tairodi inavuta, tairi inakwenda inakotaka yenyewe.

Na Jumamosi Hemedi anakwenda Nzega na hiyo gari kumchukua bibi harusi wake. Mwendo wa Hemedi unaujua.

Jumatatu nilipanda naye kuijaribu, njia ya Itetemia. Tuta la kwanza tu ikaruka pembeni, nusura tumgonge mama mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye kuni. Hemedi akacheka. "Umeiona? Inacheza kama ndama!" Nilitaka kumwambia simamisha. Mpaka tunarudi mjini nilikuwa nimeshika mlango tu.

Unakumbuka kule mtaani Cheyo, pale nje kwa baba na baiskeli zake? Watu wa asali wanaleta baiskeli zimepinda uma kwa uzito wa madumu. Wewe unapiga stori na wateja, mimi nafunga uzi kutoka tairi ya nyuma mpaka ya mbele, natazama. Baba anauliza, "Imenyooka?" Unajibu haraka, "Imenyooka, baba!" na hata hujaiangalia. Halafu unanitupia jicho. Nikiinua kope, sawa. Nikitazama chini, unasema, "Hebu ngoja, baba, niiguse tena kidogo." Hakuna mteja aliyejua. Tulikuwa fundi mmoja, mdomo wako, macho yangu.

Na siku ile darasa la nne mwalimu aliponisimamisha nisome, nikakwama kwa kigugumizi kwenye neno la kwanza mpaka wenzangu wakaanza kupiga madawati, wewe ndiye uliyekuja kunichukua. Njiani hukuniuliza kitu. Ulinunua karanga, tukala, ukasema, "Wewe tazama. Mimi nitasema." Sikurudi tena shule. Neno lile lilinipumzisha miaka mingi, kaka. Siku hizi linaniuma. Kwa sababu umekwenda na mdomo wetu wote Dar, hapa nimebaki naona mambo na hakuna anayeyatamka.

Bibi yetu naye anauliza kila siku. "Wazee wetu walitembea na pembe za ndovu begani mpaka pwani, na wakarudi. Huyu amepanda basi, kimemshinda nini kurudi?" Mimi nakoroga uji.

Jana ulipokea mara moja. Nikakueleza tairodi iko juu, lazima ishuke pale inapoungana na tairi. Ukasema, "Dogo, tia washa nne, kaza, mpe mtu gari yake." Nikasema washa hapana, vile vipete bapa vya chuma si vya kubeba usukani. Ukasema, "Huku wote tunafanya hivyo, acha ushamba." Ukakata.

Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha hii. Ule msumari wa tairodi upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba. Unashika kwa kubana ndani ya tundu lake, kama kizibo kwenye chupa. Ukiweka washa katikati, kizibo hakizami. Msumari unabaki unaning'inia kwenye nati. Leo utakwenda, kesho utakwenda, halafu siku moja unapiga tuta na usukani unazunguka mtupu mkononi. Labda huko mnafanya, mimi sijui. Lakini huyo dada wa Nzega hajakosa kitu. Yeye ataambiwa panda, atapanda.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mzee Mrisho anayechonga vyuma, anitengenezee vipande viwili vya kuishusha tairodi bila washa. Nilichonga kwanza mfano wa sabuni ya mche: juu kizibo cha kuzama kwenye tairi, chini tundu la kubana msumari wa tairodi, unene kama kidole gumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta sabuni, nguo ziko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaigeuza, akainusa hata. "Hiki kinakaa wapi?" Nikasema kwenye usukani. Akaacha kutania. Akatafuta kipande cha ekseli ya lori, maana chuma laini hakifai. "Nani kakufundisha hii?" Nikasema kaka yangu. Ni kweli na siyo kweli.

Leo asubuhi Hemedi akaja gereji.

"Wewe bubu, gari yangu iko wapi?"

"Bado."

"Kaka yako kasema ni dakika kumi!"

"Kaka hayupo."

"Sasa fundi hapa ni nani?"

Wenzetu wakashika mbavu. "Mwache na uzi wake, Hemedi, anakushonea kanzu ya harusi!" Na mimi, badala ya kumwambia kwa nini, niliinama, nikachukua vipimo vyangu nikaja huku kwa Mzee Mrisho. Hicho ndicho kinachonikera kuliko washa zako. Nilikuwa nayo kweli mdomoni, nikaimeza.

Sitaki uniombe radhi. Na usirudi kama hutaki. Nataka umpigie Hemedi umwambie kazi uliiacha nusu. Wewe ukisema uongo watu wanakuamini, basi na ukweli mara moja ujaribu. Mimi nikisema ukweli naonekana nabahatisha.

Hasira zangu ndizo hizi, kaka. Nyingine ni kwamba nimekukumbuka, lakini hiyo siyo ya kusema kwenye grupu.

Sasa niondoke. Mama Sada wa chai pale mlangoni pa gereji amenipigia, anasema Hemedi amerudi na fundi mwingine, wamelala chini ya gari, na washa wamezimwaga kwenye kitambaa. Kipande kimoja kimekwisha, bado cha moto, nimekifunga kwenye shati. Cha pili, cha tairi ya upande mwingine, bado kiko kwenye mashine. Sikisubiri. Mzee Mrisho amenipa baiskeli yake. Nikifika nitasema, hata kwa kigugumizi, na mbele ya watu, na kama ni lazima jina lako nitalitaja.

Mdogo wako wa Cheyo.