Hatua ya Kumi na Nne

Kariakoo, Dar es Salaam

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka, nakuamkia. Naamini mguu umepungua uvimbe na pamba imeshapaliliwa, maana nakujua, ukipata nafuu kidogo tu unarudi shambani hata ukikatazwa. Mimi mwilini sina neno. Ninachoumwa ni hofu, na nimeona nikuandikie wewe kabla sijamwambia mtu mwingine.

Mjomba alinifikishia lile gemu la mkononi la marehemu Kulwa, limefungwa kwenye kitenge chako. Na maneno yako aliyafikisha kama ulivyomtuma: "Mwambie Doto aangalie kama mwenzake ameacha neno humo, maana hakuliachia mpaka siku anakata roho." Mjomba alitarajia nicheke. Sikuweza.

Unakumbuka lilivyoingia nyumbani, ndani ya mfuko wa koti la mtumba ulilonunua mnadani Bariadi. Wewe uliyezoea kutugawia kila kitu viwili viwili, mapacha tusioneane wivu, ulihangaika kutafuta la pili ukakosa. Ndipo ukatutungia sheria: Kulwa alitangulia kuzaliwa, basi atangulie kucheza; akivuka hatua moja, ampe Doto naye aivuke. Kila mmoja aliandika jina lake humo, na gemu likawa linatutunzia mahali tulipofika. Nilipoondoka kuja huku nilikuwa nimeishia hatua ya nne.

Sasa kioo chake kimekufa kabisa. Nililipeleka kwa fundi Shabani, jirani wa pale ninapouza duka, anayefufua kompyuta kuukuu. Alichomoa kaseti ya gemu akaniambia kumbukumbu zote zinashikiliwa na betri ndogo kama ya saa, na imebakiza pumzi chache. Akataka kuzihamishia kwenye kompyuta yake. Lakini kompyuta hiyo haitumii mfumo ule wa maofisini, inatumia wa bure uitwao Linux, na gemu lilikataa katakata. Mara picha zipinduke, mara mlio bila picha. Siku tatu alibadilisha hiki na kile, nami nikimchungulia kila wateja wakipungua. Siku ya nne, mchana, likakubali.

"Kumbe we mkali!" akaniambia. "Doto yuko hatua ya kumi na nne!"

"Mimi niliishia ya nne, fundi."

"Sasa hapa kacheza nani? Jini?"

Akacheka peke yake. Mimi nywele zilinisimama, Mayu, kwa kuwa nilimjua aliyecheza. Juu ya jina langu lilikuwepo la Kulwa, naye yuko ya kumi na tano. Miaka yote niliyokuwa huku, kumbe hakuvunja sheria yako. Kila hatua aliicheza mara mbili: kwanza yake, kisha ananichezea mimi. Ya kumi na nne aliivuka, na kabla hajanivusha homa ikamchukua. Hilo ndilo neno aliloacha.

Tangu hapo sina amani. Nahudumia mteja huku nahisi kuna mtu pembeni yangu amenyoosha mkono, anataka nipokee kitu. Na siku ya mazishi si ulimsikia shangazi? "Kulwa hajawahi kwenda mahali Doto asimfuate." Aliyasema kwa uchungu, lakini yameniganda. Fundi ameshanakili kila kitu, hakitapotea tena, na kila siku ananihimiza, "Cheza basi, umfikie ndugu yako." Ni mtu mwema, hajui anachosema. Juzi nilikaa nikashika vibonyezo. Kale kamtu kenye jina langu kamesimama kwenye mlango wa hatua ya kumi na nne, kanapumua tu. Nikazima.

Nisalimie baba mdogo anayekusaidia na ng'ombe, dada yetu aliyeolewa Maswa, na huyo shangazi wa Sola. Mwambie sina kinyongo naye.

Mayu, hatua hiyo sitaicheza. Tangu utuzae yeye ametangulia na mimi nimefuata, kwa shule, kwa michezo, kwa kila kitu. Safari hii nabaki. Nakuomba uende kaburini ukamwambie kwa sauti, maana sheria ni yako, na ni wewe tu unayeweza kuifuta. Mimi nimejaribu kumwambia, nikalia kama mtoto.

Mwambie asinisubiri.

Mwanao uliyebaki naye,
Doto