Chuma Kitupu Kwanza

3 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na shangazi yako hamjambo, na ule mguu wake umeacha kuvimba. Mimi mzima, ukiacha mgongo. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Shangazi yako kaniambia. Kumbe hayo mazoezi uliyokuwa ukiyasema siyo ya kukimbia. Unanyanyua vyuma. Na sasa huyo mwalimu mnayemwita Mama Chuma anataka neno la mzazi ili akuingize kwenye mashindano ya mwezi wa tano. Neno langu ni hapana.

Usinune, soma kwanza. Hapa kwenye ghala la baridi, asubuhi lori linarudi nyuma mpaka mlangoni, makuli tumesimama tunapuliza vidole. Kabla mtu hajagusa kitu, mkubwa wetu anapanda peke yake na kushusha kasha zito kuliko yote. Tunaita kufungua lori. Wenzake wanapiga makofi, ndipo kazi inaanza. Mkubwa huyo ni mimi, tangu yule wa zamani alipoondoka. Ni heshima, siwezi kukudanganya. Lakini heshima hiyo imenifikisha mahali ambapo siwezi tena kuinama. Kila asubuhi nakaa kitandani nimenyoosha miguu kama mtoto, na Twiga, yule mrefu tunayeishi naye chumba kimoja, ananifunga kamba za viatu. Huwa ananiuliza kama na kamasi anifute.

Mimi nabeba ili wewe usibebe. Sasa unabeba kwa hiari yako, tena kitu ambacho hakuna anayehitaji kihame. Unakipandisha, halafu unakirudisha palepale. Acha.

Mimi baba yako


19 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mguu wa shangazi umepungua. Kilichovimba sasa ni uso wangu, tangu barua yako ilipofika. Pole sana kwa mgongo. Mpe Twiga salamu na asante.

Nimeisoma barua, na kuna mahali nimekwama. Unafungua lori ukiwa baridi? Unatoka kitandani, unasimama kwenye ubaridi ule, na kitu cha kwanza unachoupa mwili wako ni kasha zito kuliko yote? Mama Chuma angekutoa nje ya ukumbi.

Kwetu mtu hagusi mzigo kabla hajapata jasho. Tunatembea haraka kuzunguka ukumbi mpaka pumzi ibadilike. Tunazungusha mabega, nyonga, vifundo vya miguu. Tunachuchumaa na kuinuka mikono mitupu. Kisha tunachukua chuma kitupu, kile kirefu, bila hata moja ya zile sahani za uzito zinazovikwa pembeni, na tunakinyanyua kwa adabu zote kana kwamba ni kizito. Halafu sahani ndogo, halafu kubwa kidogo. Kadiri uzito unavyopanda, ndivyo tunavyonyanyua mara chache zaidi na kupumzika zaidi, ili ukifika kwenye ule mzito uwe umeamka, siyo umechoka. Na kule kunyoosha misuli na kubaki umeganda hivyo muda mrefu, tunaacha mpaka mwisho wa mazoezi.

Siku ya kwanza nilicheka. Nikamwambia Mama Chuma nimekuja kunyanyua, sikuja kuinua fimbo. Akanijibu, "Mwili wako haujui umekuja kufanya nini mpaka uuambie."

Sasa baba, tupatane. Fanya hivyo kila asubuhi kabla ya lori, mpaka mwezi wa tatu uishe. Mgongo ukibaki uleule, naacha vyuma na sitakuomba tena. Ukipata nafuu, unampa Mama Chuma neno lake. Kwa sasa ameniruhusu chuma kitupu tu, wenzangu wakiongeza sahani mimi nakaa benchi. Nakuachia wewe useme, kwa sababu hujawahi kunidanganya.

Binti yako


8 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia mko salama. Mimi sijambo, na patano lako nimelikubali, maana nina hakika utashindwa.

Nimeanza. Natembea nyuma ya ghala, kule kunakopangwa kreti tupu, mpaka pumzi ibadilike kama ulivyosema. Nazungusha mabega. Nachuchumaa, au tuseme nakaribia kuchuchumaa. Kisha naokota kreti tupu kutoka juu ya rundo, naishusha, naipandisha, kwa adabu zote. Halafu natia ndani boksi dogo, halafu mawili. Ndipo nakwenda kwenye lori.

Vicheko usiniulize. Kuna kijana mmoja hapa, kifua kama kabati, tunamwita Winchi. Aliponiona nazungusha nyonga aliwaita wote, akatangaza kwamba mzee ameposa na anafanya mazoezi ya kucheza harusini. Siku ya pili akaja akipiga ngoma kwenye kreti. Mnyapara naye akatoka ofisini na kikombe chake, akasema lori linasubiri na yeye hanilipi nibebe hewa. Nikamwambia nawahi kufika kabla ya zamu, hewa hiyo naibeba kwa muda wangu. Akanywa chai yake.

Lakini juzi lori liliwahi nalo. Mlango ukafunguka, makuli wakaanza kuniita, na mimi sijapata jasho. Nilisimama pale na kreti yangu tupu. Wakaita tena. Winchi akapanda akalifungua yeye, akapigiwa makofi. Sikulala vizuri, nakwambia kweli. Hata hivyo nilikupa neno mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi nitafika.

Twiga anakusalimu. Anasema ukija hapa atakuachia wewe kazi ya kunifunga viatu.

Mimi baba yako


9 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Natumaini hamjambo. Samahani nimechelewa kujibu, kazi ni nyingi na mvua zimeanza. Samahani pia kwa vumbi hili kwenye karatasi. Kalamu iliviringika ikaingia chini ya kitanda hadi ukutani, Twiga yuko zamu, ikabidi nijikunje mpaka huko ndani kuitoa, nikatoka na uchafu wote.

Kuhusu patano letu, mwezi umeisha. Mgongo ni uleule. Nimejaribu, haikufaa. Basi tuyaache hayo, uendelee na masomo yako. Msalimie shangazi.

Mimi baba yako


16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na nina sababu ya kutumaini hivyo.

Nilipoisoma yako, jioni ile nilimrudishia Mama Chuma ufunguo wa ukumbi aliokuwa amenipa nitunze. Alinikumbatia akaniambia mlango uko palepale. Nilikaa nyumbani nikilia, shangazi akanikaangia mayai, nikalia nikila.

Halafu shangazi akaomba nimsomee barua kwa sauti. Nilipofika kwenye kalamu akanisimamisha. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. Akaniuliza, huyu mtu anayefungwa viatu na mwenzake, chini ya kitanda ameingiaje? Mpaka ukutani?

Baba. Ulijikunja. Ukatoka na kalamu, ukakaa, ukaniandikia kwamba mgongo ni uleule.

Sijakasirika kwa sababu ya mashindano. Nimekasirika kwa sababu mgongo wako umepona na ukaninyima hata kuufurahia. Kama unaogopa, sema unaogopa, tuzungumze hilo. Sitakwenda bila neno lako, hilo sibadilishi. Lakini sitaacha vyuma kwa sababu ya uongo, hilo nalo sibadilishi. Nimekwenda kuuchukua ufunguo. Naendelea na chuma kitupu, na nitaendelea nacho mpaka uniandikie la kweli, hata kama mashindano yatapita.

Binti yako


27 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Natumaini wewe hujambo, na huyo shangazi yako naye hajambo, ingawa angeweza kuyaacha macho yake yakapumzika.

Ni kweli. Nimepona. Siyo kama kijana, lakini naamka, nainama, nashika vidole vya miguu. Kwanza nilifurahi, halafu nikaingiwa na hofu, maana nilijua nikiandika hivyo wewe unakwenda kuingia chini ya uzito. Nimewaona watu wamepinda kwa mizigo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Sikutaka mwanangu awe mmoja wao. Nilikaa na barua wiki nzima, mwisho nikaandika ule upuuzi. Naogopa. Basi, nimesema.

Lakini nikajiuliza jambo. Hao wote niliowaona wamepinda, na mimi mwenyewe, nani kati yetu aliwahi kuanza na chuma kitupu? Tuliitwa tukiwa baridi, tukaona aibu kusema subiri. Wewe unafundishwa kitu ambacho sisi hatukufundishwa. Siwezi kukukataza hicho halafu kila asubuhi nikitumie mimi.

Nikueleze na ya hapa. Winchi alifungua lori siku kadhaa, kifua mbele. Wiki iliyopita nikamkuta nyuma ya ghala kwenye kreti. Akasema anatafuta glavu zake. Kesho yake akazitafuta tena, safari hii akichuchumaa na kuinuka, akichuchumaa na kuinuka. Sikucheka, ingawa nilikuwa na deni lile la ngoma. Nilimsogezea kreti tupu. Sasa tuko watano tunaotafuta glavu. Mnyapara akamwambia dereva asifungue mlango mpaka tutoke kule nyuma, maana anapata makuli wanaofika mapema bila kuwalipa, na hapo ana akili.

Kamba za viatu nafunga mwenyewe. Twiga amebaki na mazoea, akiniona nimekaa anainama. Namwachia kiatu kimoja.

Siku ya mashindano mtu akikuita kwa makelele, usikimbie. Zamu ikicheleweshwa ukapoa, rudi kwenye chuma kitupu, hata kama ukumbi mzima unatazama. Mimi asubuhi hiyo nitakuwa nyuma ya ghala. Ukishanyanyua, nipigie simu. Sitakukatiza.

Karatasi ya pili mpe mwalimu wako.

Mimi baba yako


Kwa Mama Chuma,

Salamu, na pole kwa kazi. Mimi ni baba wa huyu binti. Nimekubali anyanyue. Akiitwa kabla hajapata jasho, tafadhali mwambie anayeita asubiri.

Baba yake