Macho ya Vunjajungu, Miguu ya Kupe

Alhamisi, 4 Julai
Nimefungua studio saa mbili. Picha za pasipoti. Mtoto analia, mama yake naye karibu alie. Akili yangu haipo. Iko kwa vunjajungu. Nilimpiga picha juzi kijijini Nyanungu kwenye mahindi ya shemeji, kwa lenzi mpya ya karibu, ile inayomfanya mdudu wa ukubwa wa kidole aonekane kama ng'ombe. Nililala kifudifudi tangu jua linachomoza. Nyoka akapita juu ya miguu yangu, sikutikisika. Labda alikuwa mjusi. Ila mrefu.

Nimemwambia Chacha wa bucha kwamba picha yangu imeshachaguliwa kutundikwa ukumbini, maonyesho ya picha za wadudu. Bado haijachaguliwa. Itachaguliwa. Chacha ni saro yangu, tulitahiriwa pamoja, kumwacha aringe peke yake siwezi. Sasa amewatangazia wateja wote. Nimekunywa chai mara mbili, zote nimesimama.

Jumamosi, 6 Julai
Kikundi cha picha, darasani kwa Mwalimu Zuhura. Mtu wa Tanga, serikali imemleta huku, sauti laini mpaka unasogeza sikio. Ndiye anayechagua za kutundika. Utaratibu wake: picha inawekwa ukutani, mwenyewe ananyamaza, wenzake wanasema wanachokiona, kisha kitu kimoja cha kurekebisha, na namna ya kukirekebisha. Kunyamaza. Mimi!

Vunjajungu wangu akatokea mkubwa kama mlango. Nikangoja makofi. Boke, mtoto wa dada yangu, afisa mifugo kule Mbalibali, akanyoosha mkono.

"Mjomba, ile kijani imekaa vizuri sana. Ila macho yake yana ukungu, kilichotoka safi ni mgongo. Ukikaribia hivyo, panapotoka safi ni pembamba kama jani. Lenga macho, halafu jisogeze mwili wote taratibu."

Mbele ya watu. Mtoto niliyemvusha Mto Mara mabegani, mamba wakituangalia.

Ikafika zamu yake. Kupe kwenye ncha ya unyasi, miguu ya mbele juu, anangoja ng'ombe apite. Nikasema hayo ni mavi ya mbuzi yaliyoota miguu. Nikangoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akatazama chini.

Jumapili, 7 Julai
Boke alilala kwangu kama kawaida akija kikundini. Ameondoka bila kugusa uji. Eti anawahi gari. Gari lenyewe saa hiyo halijafika hata stendi. Sijisikii vizuri. Na hasira ninazo. Macho yana ukungu! Nimeikuza picha kwenye kompyuta mpaka ikawa vidoti vidoti.

Yana ukungu.

Jumanne, 9 Julai
Dada amepiga simu. Hakusalimia. Boke ameitoa picha yake, hataki itundikwe, na kamera ameifungia sandukuni.

"Maneno ya saro mwenzako unampa mwanangu?"

Nikasema ni utani. Chacha nikimwambia uso wake kama kwato, ananiongezea nyama.

"Chacha ni Chacha. Wewe ni mjomba wake. Ukisema kitu chake ni mavi, basi kimekuwa mavi."

Akakata. Na kwetu ndivyo ilivyo. Neno la mjomba kwa mtoto wa dada halifutiki kwa kicheko. Nilikaa darasani pale kama niko buchani. Siku nzima nimezunguka mitaa ya Bomani bila shughuli. Nimekwepa bucha.

Alhamisi, 11 Julai
Mwalimu amepita studio. Vunjajungu kama alivyo hatundikwi. Nipige mwingine, mwisho Jumamosi ya tarehe 20. Halafu akasema kupe wa Boke alikuwa anamtaka kuliko picha zote. Kuliko zote? Nilimuuliza tena. Kuliko zote.

Jumatatu, 15 Julai
Nyanungu tangu alfajiri. Vunjajungu nimempata. Upepo. Jani linacheza, mikono inacheza, macho ukungu. Nikamlenga tena, akaruka. Mimi niliyempiga picha simba akipiga miayo mpaka nikaona alichokula jana yake. Nashindwa na mdudu. Nimerudi na hasira, nikafungua picha ya kupe, Boke aliiacha kwenye kompyuta yangu, ili nione kasoro zake.

Nimekaa nayo mpaka chai imepoa. Kasoro ni moja tu, mwanga.

Ijumaa, 19 Julai
Ilibaki leo tu. Nimewasha pikipiki niende kwa vunjajungu. Njia panda nikasimama, injini inanguruma. Nikageuza kuelekea Mbalibali. Vumbi mpaka kwenye meno. Hakuna simba aliyenifukuza.

Boke alikuwa joshoni, ng'ombe wanaogeshwa. "Shikamoo mjomba." Hakuniangalia. Nikamwambia nimekuja na neno juu ya picha yake. Akakaza uso.

Nikaanza na ninachokiona, kama Mwalimu anavyotaka. Kupe yule anangoja, miguu juu kama mtu anayesimamisha basi. Kila unywele wa mguu umetoka safi. Mimi sijawahi kupiga kitu safi namna ile. Hilo lilinitoka kwa shida. Kisha kasoro: nyuma yake bati la josho linawaka, jicho linakimbilia kule. Asogee kidogo, nyuma yawe majani. Na flashi aifunike karatasi nyeupe, mgongo usimetamete. Mwanga naujua, nimepiga maharusi wengi wenye jasho.

Ng'ombe wakapita.

"Hayo ungeyasema siku ile, mjomba."

"Ningeyasema."

Akaenda kufungua sanduku. Tukatafuta kupe mwingine kwenye nyasi za njia ya ng'ombe, hawakosekani. Nilishika karatasi mbele ya flashi mpaka mkono ukafa ganzi. Alinikemea nisitikisike. Sikutikisika. Nimelala huku.

Jumamosi, 20 Julai
Tumekuja naye kwa pikipiki. Kupe amechaguliwa. Vunjajungu mpya sikuwa naye. Mwalimu akaniangalia, akasubiri niseme kitu. Nikanyamaza.

Jumapili, 21 Julai
Baada ya ibada watu wameingia ukumbini. Chacha amevaa koti.

"Yako iko wapi, mwongo wewe?"

"Haipo. Macho yalitoka na ukungu."

Akanitukana kwa raha zake, taratibu, hakuruka kitu. Nikamwacha amalize. Kisha akasimama mbele ya kupe. Ana ng'ombe tangu utotoni, wala hakuwahi kumwona kupe akiwa anangoja. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Akauliza nani kapiga. Nikamwonyesha Boke mlangoni, anawaeleza kina mama habari za kuogesha.

Akaniuliza mimi nilifanya nini.

Nikamwambia nilishika karatasi.

"Karatasi tu?"

"Karatasi tu."