Tambi za Kibanda cha Pili

Hui Shan, mwenzio leo nimeumbuka!!

Foleni ya tambi kwa Anko Teik ilikuwa ndefu na njaa inaniuma. Nikasema ngoja leo nile tambi za yule dada mgeni wa kibanda cha pili. Kumbe mzee ananiona!

Nimetia tonge moja tu mdomoni, huyo, kaja MWENYEWE na sahani. Tambi zake bila kombe wa baharini, pilipili nyingi, vilevile anavyonikaangia tangu tuko sekondari.

"Leo ulikuwa na haraka, mwanangu?"

Basi. Hakugomba, shoga. Hakugomba!

Nimekula sahani zote mbili huku ananitazama, jasho linanitoka.

Sasa nazunguka tu chumbani, kukaa siwezi. Na kinachonimaliza siyo aibu.

Za yule dada ni tamu kuliko zake.